Kicheko cha Sista wa Wodi

Mdogo wangu wa kike ni sista msimamizi wa wodi katika hospitali moja ya mwambao huu. Alipokuwa muuguzi wa kawaida alikuwa mcheshi kweli kweli. Akirudi kutoka zamu ya usiku hukaa barazani, akatuigizia daktari anavyotafuta miwani iliyo usoni pake, nasi tukashika mbavu. Tangu apewe cheo, kicheko kimemhama. Hurudi jioni akaketi na viatu miguuni, chai ikapoa mbele yake. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu: "Kaka, nitacheka na nani? Walio chini yangu waniogopa, na walio juu wataka ripoti."

Jibu hilo ndilo lililonitia kuandika haya, kwani siku hizi lasikika jambo liitwalo yoga ya kicheko, nao watu wauliza kama lafaa, na kama ni halali.

Asili yake ni India. Mwaka wa 1995 daktari mmoja wa Mumbai, Madan Kataria, aliwakusanya watu wachache bustanini, wakawa wakichekeshana kwa mizaha. Haukupita muda mizaha mizuri ikawaishia, ikabaki ya kuudhi. Basi akawafunza kucheka bila ya sababu: hupiga makofi, huvuta pumzi ndefu, hutazamana usoni na kujilazimisha kucheka, hata kicheko cha kujifanya kikageuka cha kweli. Nchini Uturuki yalifanywa majaribio kwa wauguzi wakati wa korona, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kuwa waliocheka hivyo walipata nafuu ya mashaka na uchovu wa kazi.

Na uchovu huo si uvivu. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa hali itokanayo na mashaka ya kazini yasiyotulizwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kumwisha mtu, moyo wake kujitenga na kazi, na kujiona hafai kitu kazini. Nilipozisoma nilimwona mdogo wangu. Yeye ndiye apangaye zamu, na wawili wasipofika huziba pengo mwenyewe. Dawa zikikosekana, jamaa za mgonjwa humfokea yeye.

Sasa tuje kwenye uhalali. Neno yoga huwatisha Waislamu wengi, wala si bure. Mwaka wa 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliikataza yoga ichanganywayo na matamko ya ibada ya dini nyingine. Palipo na ibada hiyo, Mwislamu na ajiepushe. Lakini palipo na makofi, pumzi na kicheko tu, mimi sioni la kutisha, ijapokuwa fatwa si yangu, ni ya masheikh. Mtume (S.A.W.) alitufunza kwamba kumtabasamia ndugu yako ni sadaka. Alituonya pia kuwa kucheka kupita kiasi hufisha moyo. Dini yetu basi haikukataza kicheko, ilikitia mpaka.

Tena tukitazama vyema, jambo lenyewe si geni kwetu. Wazee wetu walikuwa na utani. Mtani wako, awe mkoi wako au mjukuu wako, aweza kukwambia mbele za watu neno ambalo mwingine hathubutu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mbele ya mtani hakuna cheo. Bibi zetu nao walikuwa na lelemama yao, wakacheka wenyewe kwa wenyewe. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo dawa ya yoga hii: kwa nusu saa hakuna bwana wala mtwana. Sista wa wodi amekosa hilo. Cheo kimempa funguo na daftari, kikamnyang'anya watani.

Lakini isije ikawa kicheko chafanywa pazia la kufunikia uchafu. Mwezi wa Januari 1962, huko Kashasha karibu na Bukoba, wasichana wa shule moja ya misheni walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kikawashika 95 kati ya 159, na mwezi wa Machi shule ikafungwa. Waganga hawakuona ugonjwa wowote mwilini, na wengi waliolichunguza jambo hilo baadaye wasema ilikuwa ni dhiki ya nafsi. Kumbe mtu aliyebanwa naye hucheka! Na wauguzi wa Kenya walipogoma kwa miezi mitano mwaka wa 2017, walitaka mkataba wa mishahara na masharti ya kazi. Hawakutaka kuchekeshwa.

Basi rai yangu kwa wakubwa wa hospitali ni hii. Wapeni masista wa wodi nusu saa kwa juma, wakutane peke yao, mlango umefungwa, wacheke watakavyo, na mkiona neno yoga lazua maneno, liiteni baraza. Lakini kabla ya hapo wapeni wauguzi wa kutosha zamu, na dawa kabatini. Mkiwapa kicheko bila ya hayo, mtakuwa mwawacheka wao.

Idi iliyopita alikuja mkoi wetu, akashika funguo za kabati na kuigiza mwendo wa sista akikagua vitanda. Mdogo wangu alimtazama kidogo, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia alivua viatu vyake na kuomba chai nyingine. Kesho yake alirudi kazini, na wauguzi wawili hawakuwa wamefika.