Mwakirunge Ipimwe kwa Kazi, si kwa Tripu

Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ililifunga jaa la Kibarani, ikasawazisha pale mahali na kupanda miti. Ilisifiwa, na sifa ilistahili, maana aliyetoka uwanja wa ndege kuelekea kisiwani alikuwa akipokewa kwa moshi na uvundo. Lakini taka hazikuyeyuka. Malori yalielekezwa Mwakirunge, Kisauni, ambako hapiti mtalii, wala mheshimiwa asiye na shughuli ya kura. Kibarani ikapata alama. Mwakirunge, iliyobeba gharama ya alama hiyo, nani aliipima?

Swali hili sheria ilikwisha kulijibu. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaiamuru kamati kuu ya kaunti iwe na mpango wa kusimamia utendakazi, wenye vigezo vinavyopimika na muda maalumu. Kinataka wananchi washiriki katika tathmini. Kinamtaka gavana apeleke ripoti ya kila mwaka kwenye bunge la kaunti, na mpango pamoja na ripoti ni nyaraka za umma. Wajibu huo ni wa gavana. Hauteremshwi kwa mkurugenzi wa idara, sembuse kwa msimamizi wa getini.

Kupima nako kuna hila zake, na mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa yalizijua. LATF, hazina ya kuyagawia mabaraza hayo fedha kutoka serikali kuu, iliyoundwa kwa sheria ya 1998, ilifunga sehemu ya mgao wa kila baraza kwenye masharti ya utendakazi. Masharti yenyewe yalikuwa nini? Makadirio ya bajeti, taarifa ya hesabu, orodha ya madeni, mpango wa maendeleo. Aliyewasilisha karatasi kwa wakati alipata fungu lake, taka zizolewe zisizolewe. Uingereza nako hospitali ziliwekewa lengo la kumhudumia mgonjwa wa dharura ndani ya saa 4. Kwingine wagonjwa wakaachwa ndani ya ambulensi nje ya mlango, kwa kuwa saa haikuanza kuhesabiwa mpaka waingie.

Basi kaunti ikijipima kwa idadi ya tripu za malori, itapata tripu nyingi. Lori nusu tupu ni tripu. Lori lililomwaga mzigo kando ya barabara kabla ya kufika nalo litaandikwa tripu, ikiwa anayeandika ni yule yule anayelipwa. Penye mizani getini, na daftari linalokaguliwa na mtu asiye wa idara, hesabu itakuwa ya tani. Na tani nazo zinaeleza kilichoingia tu. Zimefunikwa kwa udongo? Moto umewaka mara ngapi mwezi huu? Maji ya mvua yakipita juu ya jaa yanateremkia mashamba ya nani? Waokota taka, wanaofanya kazi ya kutenganisha ambayo idara ilipaswa kuipanga, wana glavu na viatu? Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinapotoka. Kigezo cha kweli ni kiasi ambacho hakikufika Mwakirunge kabisa.

Hayo yanajulikana na wanaoishi pale kuliko afisa yeyote. Kikao cha tathmini kiitishwe Mwakirunge, siku ambayo upepo unavuma kutoka jaani, si katika ukumbi wa hoteli Nyali penye chai na sambusa. Afisa atakayesema kazi imefanyika aseme hapo.

Watakaosema kaunti haina fedha wana hoja, ila si hoja ya kutotoa ripoti. Upungufu nao huripotiwa, tena kwa tarakimu.

Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Wawakilishi wadi, wa kwanza akiwa yule wa Mwakirunge, wadai ripoti ya utendakazi ya mwaka uliopita iwekwe mezani, ikiwa na tani, tarehe za mioto na majina ya waliopewa kandarasi. Mpaka hapo, fungu la uzoaji taka lisipitishwe.