Kwa nini kiyoyozi huganda barafu na chumba hakipoi

Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la pwani yetu hukolea. Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, wenye viyoyozi hawavizimi. Ndipo tunapoulizwa: AC imeganda barafu, mbona chumba bado cha moto?

Barafu hiyo ni dalili ya hitilafu. Sababu kuu ni mbili. Filta ikijaa vumbi, hewa haipiti vizuri kwenye mabomba ya ndani. Gesi ikipungua, mabomba hayo hupoa kupita kiasi. Kwa vyovyote, unyevu wa hewa huganda juu yake na kuziba njia ya ubaridi.

Anza na filta. Zima kiyoyozi, barafu iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba. Osha filta kwa maji, ikauke, irudishe.

Ikiganda tena, ita fundi. Hapa ndipo fedha hupotea. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa matumizi kama ya kupikia. Huzunguka humo humo. Ikipungua, imevuja, na chumvi ya bahari hula mabomba mapema.

Tupige hesabu ya LUKU. Kiyoyozi kikivuta kilowati 1 kwa saa 3 kila siku, kwa mwezi ni uniti 90. Kikomo cha umeme nafuu wa majumbani ni uniti 75. Kilichoganda hula umeme huo bila kupoza.

Kabla ya kulipia gesi, muulize fundi: imevujia wapi? Azibe kwanza, ndipo ajaze.