Tatizo si kozi, ni kazi ya kwanza

Kila baada ya miezi michache, Nairobi hupata kundi jipya la vijana waliohitimu kozi fupi za kuandika programu. Moringa School imekuwa ikifundisha tangu 2014, serikali ina mpango wa Ajira Digital wa kuwaandaa vijana kwa kazi za mtandaoni, na vyuo vya watu binafsi vipo hadi mitaani. Wahitimu wana vyeti, na wengi wanaijua JavaScript au Python vizuri. Kisha wanafungua matangazo ya kazi na kukutana na sharti la uzoefu wa miaka mitatu.

Hapo ndipo wanapokwama, na hapo ndipo pesa za umma zingepaswa kuelekezwa sasa.

Kisa cha Andela kilionyesha hivyo mapema. Kampuni hiyo ilianza Lagos mwaka 2014, ikaingia Nairobi mwaka uliofuata. Ilichuja vijana wenye vipaji, ikawalipa wakiwa bado wanajifunza, kisha ikawaunganisha na kampuni za nje, hasa za Marekani. Mwaka 2016 ilipata mtaji wa dola milioni 24, taasisi ya Mark Zuckerberg na Priscilla Chan ikiwa mstari wa mbele. Hata hivyo, Septemba 2019 iliwaachisha kazi vijana wapatao 250 Nigeria na Uganda, na wengine 170 hivi wa Kenya wakabaki roho mkononi. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walitaka wenye uzoefu, si wanaoanza. Ikiwa kampuni yenye mtaji huo ilishindwa kuendelea kuwakomaza wanaoanza, si haki mzigo huo kuachiwa mama mboga anayemlipia mwanawe kozi.

Uzoefu huo ni kitu gani hasa? Chukua duka la mtandaoni linalopokea malipo kwa M-Pesa. Darasani mwanafunzi hujaribu kwa pesa za bandia, malipo yanaitika papo hapo, mwalimu anatoa alama. Kazini mteja anaweka namba ya siri, mtandao unakatika, ujumbe wa uthibitisho unachelewa, naye akidhani hajalipa anabonyeza tena. Sasa pesa zimetoka mara mbili kwa mzigo mmoja. Programu itajuaje kwamba ombi la pili ni la mzigo ule ule? Nani atapigiwa simu saa nne usiku? Mambo haya kijana huyajua akiwa amekaa karibu na mtu aliyekwisha kuyapitia, anayesoma kila mstari wa kazi yake kabla haujaingia kwenye mfumo, na kumrudishia arekebishe mara ya pili na ya tatu.

Waajiri wana hoja yao: wakimfundisha kijana, mwaka haujaisha keshahamia kwa mshindani. Ni kweli hutokea. Lakini dawa ni kugawana gharama, na njia ipo tayari. Kenya hutoza waajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Sehemu ya fedha hizo ilipe posho ya mwanagenzi wa programu kwa mwaka mzima, pamoja na muda wa fundi mkuu anayemsimamia.

Tanzania nayo haianzi sifuri. VETA, mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi stadi, imewahi kuendesha uanagenzi ambao mwanafunzi hugawa muda wake kati ya darasa na karakana ya mwajiri, katika fani kama umeme na ufundi magari. Hakuna sababu ya benki au kampuni ya simu kutokuwa karakana ya namna hiyo.

Na serikali zenyewe ndizo wateja wakubwa. Zinanunua mifumo ya kodi, ya hospitali, ya ardhi. Kila zabuni ya mfumo wa umma iweke sharti kwamba mshindi achukue wanagenzi wa hapa nchini, awape kazi halisi ndani ya mfumo huo, na malipo yake ya mwisho yasitoke kabla wakaguzi hawajathibitisha kwamba vijana hao waliifanya kweli.