Kuzima taa ya ABS bila kutibu breki ni kujichimbia kaburi

WAHENGA walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii yawafaa wenye magari ambao, wakiona taa ya manjano yenye herufi ABS ikiwaka mbele ya usukani, humlipa fundi aing'oe balbu badala ya kutafuta kiini cha hitilafu.

Taa hiyo ni ya mfumo unaozuia magurudumu kukwama dereva anapokanyaga breki kwa ghafla. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliuleta sokoni mnamo 1978 katika magari ya Mercedes-Benz, na leo magari mengi yaliyotumika tunayoagiza kutoka Japani huja nao.

Kwa kawaida kila gurudumu huwa na sensa inayopima kasi yake. Kompyuta ya mfumo ikigundua kwamba gurudumu moja linakaribia kukwama ilhali gari lingali mbioni, huilegeza breki ya gurudumu hilo na kuikaza tena mara kadhaa kwa sekunde moja. Hivyo dereva huweza kukata usukani na kumkwepa mtoto aliyeingia barabarani.

Hitilafu ikitokea, mfumo hujizima na taa huwaka. Breki za kawaida huendelea kufanya kazi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Gari husimama vyema hadi siku ya mvua, lami ikiwa telezi, magurudumu yakwame na usukani ukatae kutii.

Aidha, taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ya ABS, hatari ni kubwa zaidi. Dereva anapaswa kuliegesha gari mara moja, kwani huenda mafuta ya breki yamevuja.

Je, mbona hitilafu hii huwasumbua wengi? Jibu ni uchunguzi wa kubahatisha. Mwenye gari huambiwa anunue pampu nzima ya ABS, kifaa cha bei ghali, kumbe kilichoharibika ni waya uliokatwa na mawe ya barabara ya murram.

Mashine nyingi za bei nafuu za kusoma kompyuta ya gari husoma injini pekee. Kabla ya kulipa, mteja amuulize fundi iwapo mashine yake husoma ABS pia.

Hata nambari ya hitilafu ikipatikana, kazi haijakwisha. Kwa mfano, katika magari mengi C0035 huelekeza kwenye sensa ya gurudumu la mbele kushoto. Nambari hiyo huonyesha mahali penye malalamiko, wala haithibitishi kuwa sensa imekufa. Yawezekana waya umekatika, soketi imeingia maji, pete ya meno imevunjika au beringi imelegea.

Fundi mwenye ujuzi huanza na mambo mepesi: betri, fyuzi, waya na uchafu kwenye sensa. Kisha huendesha gari polepole huku mwenzake akitazama kwenye mashine kasi ya magurudumu yote manne. Lile ambalo kasi yake hupotea au kurukaruka ndilo la kuchunguzwa kwanza. Vipuri hununuliwa baadaye.

Anayenunua gari kuukuu naye ana kipimo kisichogharimu hata senti. Afungulie ufunguo kabla ya kuwasha injini. Taa ya ABS inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa katika gari lenye mfumo huo, ashuku kwamba kuna aliyeificha.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), ambayo hukagua magari ya uchukuzi wa umma kila mwaka, haina budi kuhakikisha kipimo hiki hakirukwi katika gari lolote lenye ABS. Abiria wa matatu hana nafasi ya kuitazama taa iliyo mbele ya dereva. Anategemea mkaguzi amtazamie.