Swali si ulisoma kwa posta, bali nani anakitambua chuo

Tangu TotalEnergies ilipotangaza mwezi Novemba 2025 kwamba imeondoa zuio ililoliweka kwenye mradi wa gesi wa Afungi mwezi Aprili 2021, baada ya shambulio la Palma, suala la vyeti limerudi midomoni mwa watu. Wanaorejea wanatafuta kazi. Miongoni mwao wapo waliosoma upande wa Tanzania, na wapo wafanyabiashara wanaovuka Kilambo kila mara, ambao hawawezi kuacha biashara zao kwa miaka mitatu ili wakae darasani. Kwa watu kama hao, njia iliyo wazi ni kusoma kwa masafa.

Hata hivyo, nasikia mara nyingi swali hili likiulizwa kwa dharau: "Hiyo shahada si ya kusoma kwa posta?" Nionavyo mimi, anayeuliza hivyo amekosea swali. Alipaswa kuuliza ni nani anayekitambua chuo kilichoitoa.

Tuangalie mifano. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 akiwa bado mfungwa, kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kinachofundisha kwa masafa. Sijasikia mtu akiiita shahada hiyo nusu. Hapo jirani, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kina kituo Mtwara. Kwetu Msumbiji, Chuo Kikuu Huria cha ISCED chenye makao yake Beira kinafundisha kwa njia hiyo hiyo. Hivi si vyuo vya kificho.

Aidha, udanganyifu haukuletwa na masomo ya masafa. Mwaka 2017, uhakiki wa vyeti nchini Tanzania ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita na ualimu, yaani vyeti vya shule na vyuo vya kawaida kabisa.

Lakini tusijidanganye pia. Wauzaji wa shahada wapo, na intaneti imewarahisishia kazi. Mwaka 2004 wakaguzi wa Bunge la Marekani waligundua kuwa watumishi 463 wa serikali kuu walikuwa wamejiandikisha katika vyuo visivyo na ithibati. Kama hayo yalitokea kwenye nchi kubwa namna ile, mtu wa Palma mwenye simu na akiba kidogo ya kuuza samaki atasalimika vipi?

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata metikali moja, ndugu yangu, fanya mambo matatu. Kwanza, tafuta jina la chuo kwenye orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kama chuo ni cha Tanzania, au kwa CNAQ, baraza la kutathmini ubora wa elimu ya juu lililoundwa mwaka 2007, kama ni cha Msumbiji. Pili, uliza mitihani inafanyikia wapi na nani anaisimamia. Chuo kinachotoa shahada bila mtihani kinauza karatasi. Tatu, kumbuka kwamba cheti hakivuki Ruvuma chenyewe. Kutambuliwa Dar es Salaam si sawa na kutambuliwa Maputo. Mwenye cheti cha nje anapaswa kuomba kitambuliwe, tena kikiwa kimetafsiriwa kwa Kireno.

Hapa ndipo penye uzito. Kutoka Palma hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000. Mtu aliyepoteza nyumba na mali mwaka 2021 hawezi kuanza safari kama hiyo kwa ajili ya mhuri. Tanzania na Msumbiji zote zimo katika SADC, ambayo Itifaki yake ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama zisogeze mifumo yao ili vyeti vitambuliwe kirahisi. Itakuwa na faida gani kwa mtu wa Quitunda kama itaishia makabatini?

Ningependa kuona maofisa wanaohusika wakifika Palma angalau mara chache kwa mwaka, wapokee maombi, wakague vyeti na warudishe majibu. Waajiri nao waache kulitupa faili kwa sababu tu limeandikwa "masafa". Waulize kuhusu ithibati; isipokuwepo, walikatae bila haya. Ikiwepo, wampime mwombaji kwa anachokijua. La sivyo, kazi za Afungi zitaendelea kwenda kwa watu wa mbali, na vijana wetu wataambiwa hawakusoma ilhali wamesoma.