Tuwapime kuku wazazi kabla ya kumlaumu mfugaji

Vifaranga wakifa katika wiki ya kwanza, lawama humwangukia mfugaji. Ataambiwa alichelewa kuwasha joto, hakuosha vyombo vya maji, hakununua dawa mapema. Wakati mwingine ni kweli. Lakini yapo magonjwa ya bakteria ambayo kifaranga hutoka nayo kwenye yai: pulorum, yaani kuhara kweupe, na homa ya matumbo ya kuku, yote ya jamii ya salmonela, pamoja na maikoplasma inayoleta mafua sugu. Tetea aliyenusurika pulorum akiwa kifaranga anaweza kubaki na vimelea kwenye ovari. Anakula, anataga, hana dalili yoyote. Yai lake likikaa siku 21 kwenye mashine, anaanguliwa kifaranga mgonjwa, na vumbi la manyoya yake linalosukumwa na feni huwaambukiza wenzake waliotoka kwa mama wazima. Siku chache baadaye mfugaji anawakuta wamejikunyata kwenye joto, mabawa yamelegea, kinyesi cheupe kama chokaa kimegandia nyuma hadi kuziba njia. Hapo fagio na dawa ya kuulia vijidudu vimeshachelewa.

Ndiyo maana nasema fedha na mkono wa serikali vielekezwe kwanza kwenye mashamba ya kuku wazazi: wapimwe kwa lazima, na majibu yaambatane na boksi la vifaranga hadi kwa mnunuzi. Hesabu yenyewe inatosha kushawishi. Kuku mzazi mmoja wa aina ya nyama hutoa vifaranga zaidi ya 100 katika kipindi chake cha utagaji. Kundi la wazazi 5,000 basi linafikia mabanda ya mamia ya wafugaji, pengine mikoa kadhaa. Ni rahisi kumkagua mwenye kundi hilo kuliko kuwafuata wafugaji hao wote mmoja mmoja. Umoja wa Ulaya ulifuata mantiki hiyohiyo chini ya kanuni yake ya salmonela ya mwaka 2003: ulianza na kuku wazazi, ukafuata kuku wa mayai, kisha wa nyama.

Wapo watakaosema huo ni mpango wa nchi tajiri. Marekani ilianzisha mpango wake wa taifa wa kuboresha kuku mwaka 1935, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati pulorum ilikuwa ikiangamiza vifaranga kwa wingi. Silaha yake kubwa ilikuwa kipimo kinachofanyika palepale bandani. Mpimaji anachoma mshipa wa bawa, anachukua tone la damu, analichanganya na tone la antijeni ya zambarau juu ya kigae cheupe, kisha anakitikisa taratibu. Ndani ya dakika mbili, mchanganyiko ukiganda vipandevipande, kuku huyo anatengwa. Kwa kupima na kuwaondoa wenye maambukizi, kwa miaka mingi, makundi ya kibiashara ya nchi hiyo yalisafishwa pulorum na homa ya matumbo ya kuku.

Hoja nzito zaidi ni ya dawa na chanjo: kwa nini kuchinja wazazi wakati duka la pembejeo liko jirani? Antibiotiki hupunguza vifo, lakini kuku aliyepona anaweza kuendelea kubeba vimelea, na mwenye kundi akaamini amemaliza tatizo. Halafu gharama inahamia kwa watu. Huko Quebec, Canada, vituo vya kutotolesha vilikuwa vikichoma mayai antibiotiki ya seftiofa kama kinga. Vilipoacha kwa hiari mwaka 2005, usugu wa salmonela aina ya Heidelberg kwa wagonjwa wa kibinadamu ulishuka. Matumizi yaliporudi kwa kiasi, usugu nao ukapanda. Chanjo ya homa ya matumbo nayo ina nafasi yake kwa kuku wa mayai walioko kwenye hatari. Ila haifuti maambukizi, na inaweza kuvuruga kipimo cha damu, hivyo haiwezi kuwa kibali cha kuacha kuwapima wazazi.

Wala mpaka hautoshi. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa hofu ya mafua makali ya ndege. Zuio la mpakani haligusi bakteria aliyekwisha kukaa kwenye ovari za kuku walioko Kibaha au Arusha.

Kinachonitia wasiwasi wa kweli ni watotoleshaji wadogo, wenye mashine ya mayai mia chache wanayonunua kwa majirani. Sheria ikiwabana bila msaada watafanya kazi kwa kificho, na hao ndio wanaomfikia mfugaji wa kijijini. Kwao ningeanza na antijeni yenye ruzuku, ofisa mifugo wa kata aliyefundishwa kupima, na fidia kwa kila kuku anayeondolewa. Bila fidia hakuna atakayemleta tetea wake mezani. Kifaranga atapanda bei kidogo, ndiyo; lakini mfugaji anayezika robo ya boksi tayari analipa bei hiyo, tena bila risiti.