Mashine Ipukuchue Mahindi, Kumbukumbu Tupukuchue Wenyewe

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Kuna jambo linalonikereketa moyoni kila ifikapo Oktoba, na kwa kuwa jarida letu hutoka mara moja tu kwa mwaka, nimeona heri niliseme hapa kuliko kulimeza. Nasema hivi: msimu wa mavuno ndio shule ya kwanza ya jamaa zetu, na shule hiyo tunaifunga wenyewe, polepole, bila hata kutangaza.

Hebu tuanzie mbali kidogo. Katika vitabu vya hadithi tunavyoazima maktabani, hasa vile vya kutoka Ulaya na Marekani, kuna majira yanayosifiwa kupita kiasi. Ni majira ya kupukutika majani, kuanzia Septemba hadi Novemba. Miti hugeuka manjano na mekundu, baridi hubisha hodi, na watu hurudi nyumbani kuketi na jamaa zao. Wamarekani wana Siku yao ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Wakanada husherehekea yao Jumatatu ya pili ya Oktoba. Sikukuu zote mbili zina shina lake katika kushukuru kwa mavuno. Mwanafunzi wa huku akisoma hayo huvuta pumzi na kujiambia, "Ah, wenzetu wana majira ya kukumbukia jamaa. Sisi tuna jua na mvua tu."

Si kweli hata kidogo!

Ni kweli kwamba miti yetu haifanyi hivyo. Kule kaskazini, siku zikianza kufupika na baridi kukaribia, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani, rangi nyingine zilizokuwa zimefichika huonekana, kisha jani hudondoka. Sisi Ikweta inatupitia hapahapa, Maseno na Nanyuki. Mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima. Mti wa huku hauna habari ya siku fupi. Lakini miezi hiyohiyo kwetu si mitupu. Nairobi mijakaranda hutandika maua ya zambarau barabarani. Ukambani na pwani watu hutazama mawingu wakingoja mvua ya vuli. Na kwetu Trans Nzoia, mahindi tuliyopanda Machi na Aprili yamekauka, mabua yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani kama vibanda vya nyasi. Wenzetu majani yanapukutika, sisi tunapukuchua mahindi. Basi, majira ndiyo hayo!

Sasa, aliyekulia shambani anajua kupukuchua kwa mkono kulivyokuwa. Baada ya chakula cha jioni turubai linatandikwa, mahindi yanamwagwa katikati, taa inatundikwa msumarini. Nyanya huketi upande wa ukuta kwa sababu ya mgongo. Mama, shangazi, binamu na majirani wawili watatu huzunguka. Unafungua mistari miwili kwa kidole gumba, kisha unachukua gunzi tupu na kusugulia hindi lililobaki. Punje zinaruka hadi kwenye sufuria ya chai. Fukusi wanatambaa mkononi. Kufikia saa nne vidole vinawaka moto, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema amechoka. Kwa hiyo watu huongea. Wafanye nini tena? Mikono ina kazi, mdomo uko huru, na usiku ni mrefu.

Katika maongezi hayo ndipo jamaa hujijua. Wenzangu, chukueni rejista ya darasa lolote la shule hii muisome kwa makini. Mtaona ni kalenda kamili ya misimu! Miongoni mwa Wabukusu, Wekesa na Nekesa walizaliwa wakati wa mavuno, Wafula na Nafula wakati wa mvua, Simiyu na Nasimiyu wakati wa kiangazi, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Kwa Wajaluo kuna Okoth na Akoth wa mvua. Kwa Wakamba kuna Wambua na Mumbua. Kwa Wakalenjin kuna Kiprop na Cherop, nao pia ni wa mvua. Mwalimu akiita majina asubuhi anataja hali ya hewa ya Kenya nzima bila kujua.

Lakini maana ya jina si hadithi ya jina, na hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Dada yangu mkubwa ana jina la njaa. Shule ya msingi walimcheka sana. Watoto walimwita "ghala tupu", naye akaanza kuandika jina la ubatizo peke yake kwenye madaftari. Jioni moja ya kupukuchua, nyanya alimsikia akilalamika. Akaweka gunzi chini, akamwambia, "Mjukuu wangu, wewe unadhani tulikuita hivyo kukutukana? Ulizaliwa Julai, mahindi yangali mabichi shambani na ghalani hamna hata punje. Mama yako hakuwa na maziwa kifuani. Yule jirani wa ng'ambo ya mto, ambaye tulikuwa tumekosana naye kwa ajili ya mpaka, alileta debe mbili za mahindi akaziweka mlangoni usiku, akaenda zake bila kubisha. Ugomvi ukaishia hapo. Tukisema jina lako tunasema ahsante kwake." Tangu siku hiyo dada huandika majina yake yote matatu, tena kwa herufi kubwa.

Nauliza sasa: hadithi kama hiyo ingesemwa lini? Nani angemwita dada rasmi, amketishe kitini, aanze kumweleza habari za debe mbili? Hadithi za namna hiyo hazina ratiba. Hutoka zenyewe watu wakiwa na kazi ndogo mikononi.

Isitoshe, si majina tu. Katika duara hilohilo nilisikia habari za ukame wa 1984, Kenya ilipolazimika kuagiza mahindi ya manjano kutoka nje. Nyanya huiga mpaka leo jinsi watoto wake walivyokataa ugali ule kwa sababu ya rangi, kisha njaa ikawafunza adabu. Nilisikia pia mambo ya manufaa kabisa. Nyanya hachukui mahindi ghalani kabla ya kuyapima kwa chupa. Hutia punje chache ndani ya chupa kavu, akaongeza chumvi kavu, akatikisa kwa muda, akaiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isiponata, yamekauka. Halmashauri ya Nafaka na Mazao hutaka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na ina kifaa chake cha kupimia, lakini nyanya ana chupa yake. Tusicheke! Mwaka wa 2004, mahindi yaliyoingia kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini yaliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao huko Makueni na Kitui. Elimu ya kukausha mahindi ni elimu ya uhai.

Sasa mashine imekuja. Trekta huingia uani likinguruma, mahindi hutiwa huku, punje hutoka kule, magunzi hutupwa pembeni, na kazi ya majuma mawili huisha kabla ya chakula cha mchana. Mwenye mashine hulipwa kwa hesabu ya magunia, akaenda kwa jirani. Jioni hiyo turubai hukunjwa. Binamu mmoja yuko na simu yake huku, mwingine kule, mama anatazama televisheni, na nyanya analala saa mbili.

Msije mkadhani mimi ni adui wa mashine. La hasha! Nimeona vidole vya mama vilivyochubuka. Najua kwamba wale waliokuwa wakitia mahindi guniani na kuyatandika kwa fimbo walivunja punje nyingi, na punje iliyovunjika ndiyo mlango wa kuvu na wadudu. Mwenye magunia hamsini akisema apukuchue kwa kidole gumba, mvua za Novemba zitamkuta uani. Mashine na ije, na ikaribishwe kwa chai. Ninachopinga ni kudhani kwamba ilipookoa muda wetu ilituamuru pia tunyamaze.

Hasara ya kunyamaza niliiona tulipomzika babu. Mmoja wa jamaa aliyekuwa Nairobi alipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Akauliza huku na huku kwa simu, na wasifu uliposomwa ulijaa nusu ukurasa tu. Alizaliwa "yapata miaka ya 1940", alikuwa mkulima, aliacha mjane na watoto saba, alipenda kanisa. Basi. Mtu ameishi karibu miaka themanini, hajai ukurasa! Kisha mzee mmoja, jirani wa tangu zamani, akaomba nafasi ya kusema. Akasimulia jinsi yeye na babu walivyokuwa vibarua vijana kwenye shamba la mlowezi, wakipukuchua mahindi ya watu usiku kucha, na jinsi babu alivyoapa kwamba siku moja atapukuchua yake. Akaeleza jinsi walivyochanga senti kwa senti hadi wakapata ardhi. Akataja hata jina la fahali wa kwanza wa babu. Watoto wa babu wenyewe, watu wazima wenye mvi, walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza. Shangazi alilia kuliko alivyolia siku ya msiba wenyewe. Babu wetu tulipewa na jirani, na tulipewa akiwa tayari ndani ya jeneza.

Najua pingamizi zitakuja. Wa kwanza atasema, "Mimi ni mtoto wa mjini, nyumbani kwetu hakuna hata mche wa mahindi." Ndugu yangu, mchele hauchambuliwi kwenu? Maharagwe je? Hakuna mtu anayekata sukuma wiki jioni, au kupiga pasi nguo za shule Jumapili usiku? Mahindi ni mfano tu. Kinachotakiwa ni kazi ndogo ya mikono inayofanywa na zaidi ya mtu mmoja. Wa pili atasema tuna mitihani. Ni kweli, nami pia inanisubiri. Lakini likizo ya mwisho wa mwaka huanza wakati mahindi yako uani, na sijaona anayesoma usiku na mchana hadi Januari. Tusidanganyane. Wa tatu atasema wazee wenyewe hawataki kuongea. Huyu ana hoja. Kuna mambo yanayouma: ardhi, vita, watoto waliofariki. Ukimvamia mzee na kalamu kama askari anayeandika taarifa, atafunga mdomo. Lakini keti naye, chukua hindi, fungua mistari miwili, nyamaza kidogo. Utaona.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila nyumba inayoleta mashine iache gunia moja la mahindi pembeni lisiingizwe. Liwe la kupukuchua kwa mkono, jioni mbili au tatu, simu zikiwa zimewekwa chumbani. Gunia moja halitachelewesha mtu.

Pili, kila mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili arudi Januari na majibu ya maswali matatu kutoka kwa mzee wa kwao. Kwa nini niliitwa jina hili? Mwaka gani ulikuwa mgumu kuliko yote, na mlipitaje? Mlifikaje mahali hapa tunapoishi? Majibu yasikilizwe kwa lugha ya mama, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo mzee huitumia akikumbuka, kisha yaandikwe kwa Kiswahili ili sisi sote tusomeane. Mwandishi amwombe mzee ruhusa kwanza, na asichotaka kisemwe kisiandikwe.

Tatu, nawaomba walimu wetu kwa heshima zote, wanapotutungia mada za insha, wasitupe tu "Safari ya kusisimua" na "Ajali niliyoiona". Watupe "Jioni ya mavuno nyumbani". Nawahakikishia watasoma mambo ambayo hawajawahi kuyasoma, na huenda wasahihishaji wakasahau kalamu nyekundu kwa muda.

Wenzangu, haba na haba hujaza kibaba, na hindi hupukuchuliwa punje kwa punje. Nyanya bado yuko, mwaka huu macho yamepungua nguvu lakini vidole bado vinafanya kazi. Tukifunga shule naenda kumwomba mjomba lile gunia moja kabla trekta halijaingia uani. Nawe ukifika kwenu, fanya hima. Wasifu wa wazee wetu uandikwe wakiwa wanaweza kutusahihisha.